Kuvunjika kwa Koleo Si Mwisho wa Uhunzi

Hotuba kwa wahitimu, walimu na wanafunzi, siku ya mkutano wetu wa mwaka



Kamati iliponiandikia barua kuniomba nizungumze leo, iliniachia mwenyewe nichague mada. Najua wengi wenu mlitazamia kwamba mtumishi wa serikali atazungumzia utumishi wa serikali. Nimeona niwahurumie. Nitazungumzia pikipiki moja mbovu, Yamaha DT 175, ambayo tangu mwaka 2021 imekaa uani kwangu hapa Tanga, ikala mishahara yangu na Jumamosi zangu, hata mke wangu akaiita mke mwenza.

Wahitimu wa miaka ya 1980 na 1990 hawahitaji kuelezwa DT ni kitu gani. Lakini ninyi vijana mmezaliwa mkazikuta Boxer na TVS za bodaboda, kwa hiyo acheni niwaeleze. DT ni pikipiki ya porini. Imeinuka juu ya ardhi. Gurudumu la mbele lina inchi 21 na la nyuma inchi 18. Matairi yake yana meno. Madigadi ya mbele imepandishwa juu ili tope lisisongamane kwenye tairi. Na bomba la moshi limepitishwa juu, ubavuni, ili uweze kuvuka kijito bila kuizamisha. Kampuni ya Yamaha ilianza kutengeneza pikipiki mwaka 1955, na ya kwanza kabisa, YA-1 ya cc 125, iliigwa kutoka DKW ya Kijerumani. Wajapani wakaipa jina la kereng'ende mwekundu. Mwaka 1968 ikatoka DT-1, ya cc 246, na hapo ndipo ukoo huu wa DT ulipoanzia. Mwishoni mwa miaka ya 1970 wakaondoa shokapu mbili za ubavuni, wakaweka moja tu chini ya kiti. Yangu ni ya aina hiyo. Silinda ni moja, kipenyo chake milimita 66, na pistoni husafiri milimita 50. Wanafunzi wa hesabu mnaweza kupiga hapo hapo mlipo: mtapata cc 171, ingawa ubavuni imeandikwa 175.

Hizi ndizo pikipiki zilizokuwa zikitumiwa na mabwana shamba, mabwana afya, mapadri na watu wa miradi. Katika mkoa wetu zilipita kwenye mchanga wa pwani, zikapita kwenye mashamba ya mkonge, zikapanda Usambara kwenye utelezi wa masika. Na moja ilikuwa hapa shuleni, mikononi mwa mwalimu wetu wa Fizikia.

Mwaka 1995 nilikuwa kidato cha tatu. Baba yangu akaugua, na ada ikakosekana. Siku hizo elimu ya sekondari ilikuwa ya kulipia. Ada za kidato cha kwanza hadi cha nne katika shule za serikali ziliondolewa mwaka 2016, miaka mingi baadaye. Basi nilirudi kijijini kwetu, njia ya Muheza kwenda Amani, nikawa napakia machungwa kwenye malori. Huku shuleni, katika rejesta ya mahudhurio, mbele ya jina langu paliandikwa neno moja: Mtoro. Kwa kanuni, neno hilo halikuwa uongo. Siku zilizotakiwa zilikuwa zimetimia, na aliyeliandika alifanya kazi yake.

Jumamosi moja ya mvua nikasikia mlio wa DT ukipanda mlima. Mlio wa injini ya mipigo miwili haufanani na mwingine wowote. Unalia kama mtu anayechana shuka refu. Mwalimu alishuka akiwa mwekundu kwa udongo kuanzia viatu hadi kofia. Akamwamkia bibi yangu, akaomba maji ya kunywa, akaingia ndani kwa baba, akakaa naye kitambo kirefu. Waliyozungumza sikuyajua, na baba amefariki bila kuniambia. Mwalimu alipotoka alisema neno moja tu: "Lete sanduku."

Sanduku langu la bati lilifungwa kwa kamba ya mkonge juu ya keria ya nyuma. Keria ile haikutoka Japani. Mwalimu aliiunga yeye mwenyewe kwa nondo, akisaidiwa na kidato cha nne, katika karakana ya shule hii, na ukingoni wakagonga kwa patasi herufi tatu za kifupi cha jina la shule yetu. Mimi nilikaa katikati ya mwalimu na sanduku. Mguu uliungua kwenye bomba la moshi, na alama ninayo hadi leo. Kwa hiyo ndugu zangu, mkinikuta mahali naitwa mheshimiwa, jueni kwamba uheshimiwa huo ulisafirishwa juu ya keria.

Sasa nasogea mbele miaka 17. Mwaka 2012 nilikuwa ofisa kijana katika ofisi moja ya umma. Niliteuliwa kuwa katibu wa timu ya kukagua vifaa vilivyopendekezwa kuondolewa kwenye daftari la mali. Tulifungua banda la nyuma tukakuta viti, meza, mashine za kuchapa, majenereta, baiskeli na pikipiki. Tulikagua vitu 64 kwa saa nne. Gaweni wenyewe, ni chini ya dakika nne kwa kila kitu, na humo mna muda wa chai. Kila kitu nilikipiga namba kwa brashi na rangi nyeupe. Mstari wa 41 nikaandika: "Pikipiki, Yamaha. Chakavu. Haifai kutengenezwa." Ilikuwa imelala nyuma ya rundo la madawati, imefunikwa vumbi. Sikuinama. Sikugusa hata kiki. Nikasaini, wenzangu wakasaini, tukaenda chakula cha mchana.

Miaka tisa ikapita. Nikahamishwa, nikarudishwa Tanga. Mwaka 2021 nilikwenda kwa mfanyabiashara mmoja wa skrepa kutafuta kipande cha bomba la geti langu. Katikati ya mabati na rimu za malori nikaona tangi la pikipiki lenye namba 41 kwa rangi nyeupe. Mtu huujua mwandiko wake. Ile nne iliyo wazi juu, na moja yenye kofia, ni yangu. Nikacheka kidogo. Kisha macho yakashuka kwenye keria, nikapangusa kwa kidole, nikaziona herufi tatu.

Ndugu Mwenyekiti, nilikaa chini juu ya rimu.

Mwenye skrepa hakuelewa kilichonipata, akadhani naugua. Nilipomwuliza bei, alinijibu kwa lugha ya kazi yake: shilingi 700 kwa kilo. Tukaipandisha kwenye mizani. Ikatoka kilo 82, kwa kuwa baadhi ya vitu vilikuwa vimeshanyofolewa. Hesabu ni shilingi 57,400. Nikampa 60,000 na nikamwomba karatasi za mnada alizopewa. Namna hiyo ndiyo nilivyomnunua, kwa kilo, aliyenirudisha shule.

Sasa niseme kuhusu kazi yenyewe, maana vijana wa karakana wamo humu na wasingenisamehe.

Adui wa kwanza wa chuma hapa Tanga ni upepo wa bahari. Chuma cha kawaida huota kutu nyekundu. Aluminiamu huota unga mweupe. Na pale boliti ya chuma inapoingia kwenye mwili wa aluminiamu, chumvi huviunganisha viwili hivyo kama ndugu wa tumbo moja. Nikashika bisibisi, nikakamua kwa nguvu zangu zote, nikaharibu vichwa vya skrubu vitatu siku ya kwanza. Jioni nikamkumbuka mwalimu mezani pake, ameshika mpira wa chuma na pete. Mpira ukiwa baridi hupita kwenye pete, ukiwa moto haupiti. Sisi tuliandika kwenye madaftari, "Vyuma hupanuka vikipashwa moto," tukapata alama zetu, tukalisahau jambo lenyewe. Aluminiamu hupanuka karibu mara mbili ya chuma kwa joto lile lile. Basi, pasha moto mwili wa aluminiamu unaoizunguka skrubu, na tundu litalegea kuliko skrubu yenyewe. Siku ya pili, kwa moto mdogo, zilizobaki zilitoka zote. Angalizo: hiyo nilifanya baada ya kulitoa tangi la petroli na kulipeleka mbali. Tangi lililowahi kuwa na petroli, hata likionekana kavu, ni bomu. Msilisogeze kwenye moto wala msilichomelee kabla halijaoshwa sawasawa.

Pistoni ilikuwa imekwama kabisa ndani ya silinda. Nilimimina dizeli iliyochanganywa na oili kupitia tundu la plagi, nikaiacha. Kila asubuhi kabla ya kwenda kazini nilijaribu kuizungusha, na kila asubuhi ilikataa. Siku ya 12 ilisogea unene wa ukucha. Sijawahi kupata barua ya kupandishwa cheo iliyonifurahisha vile.

Tangi nililisafisha kwa siki na kokoto za ufukweni, nikilitikisa jioni baada ya jioni pamoja na wanangu kama watu wanaosukasuka kibuyu cha maziwa, hadi maji yakatoka bila wekundu. Kisha nikaliosha kwa maji ya magadi ili kuua ukali wa siki, nikalikausha juani, nikalipaka oili ndani mara moja, kwa sababu chuma kilichosafishwa kikiachwa wazi hapa pwani huota kutu upya kabla ya adhuhuri.

Habari ya vipuri ndiyo iliyonifunza zaidi. Wengi waliniambia, "Hiyo ya zamani, vipuri hupati." Nami, kwa mazoea ya ofisini, nilikuwa tayari kuamini. Lakini chukueni beringi mkaisome ubavuni. Ikiandikwa 6204, basi tundu lake ni milimita 20, kipenyo cha nje 47, na unene 14, iwe imetoka Japani, Ujerumani, India au China. Kuanzia 04 kwenda juu, zidisheni tarakimu mbili za mwisho kwa tano, mtapata tundu. Sili za mpira nazo hupimwa kwa vipimo vitatu: tundu, kipenyo cha nje na unene. Nilizipima zangu kwa kipimo cha milimita, nikaingia kwenye duka la vipuri vya bodaboda, nikatoka na karibu zote, kwa fedha isiyozidi ya kitoweo cha wiki moja. Hazikuwa zimeandikwa Yamaha. Pistoni na ringi ndizo nilizolazimika kuagiza Dar es Salaam.

Silinda ilikuwa na mikwaruzo, kwa hiyo ilibidi tundu lake lipanuliwe lilingane na pistoni kubwa kidogo. Pistoni hizo huuzwa kwa hatua za robo milimita. Kazi hiyo alinifanyia mzee mmoja aliyejifunza kukereza vyuma akiwa kijana katika karakana ya shamba la mkonge. Wahitimu wenzangu, tusisahau kwamba mji huu ulikuwa mji wa karakana. Mashamba ya mkonge yalikuwa na reli zake, injini zake na mafundi wake. Na mkonge wenyewe, tukitazama asili yake, ulikuwa nini? Mwaka 1893 Mjerumani Richard Hindorf aliagiza miche kiasi cha 1,000 kutoka Florida, na iliyofika hapa ikiwa hai ni 62, ikapandwa Kikogwe, ng'ambo ya Pangani. Yaliyofuata yalijengwa kwa jasho na machozi ya manamba, na hilo nalo tulikumbuke. Lakini nilipokuwa nimesimama karibu na mashine ya yule mzee nilijiuliza: kama mimi ndiye ningekuwa katibu wa timu ya kupokea mzigo ule bandarini, ningeandika nini? Miche 938 imekufa. "Shehena imeharibika. Haifai." Nikasaini.

Mzee alipima pistoni, akapima silinda, akaacha kati yake nafasi ya sehemu chache za mia za milimita, pungufu ya unene wa karatasi ya daftari. Akanipa na onyo: "Itembeze pole, bwana. Mwenda pole hajikwai."

Sikumsikia. Na hapa ndugu zangu nakiri kosa langu.

Kuisajili ilichukua muda mrefu kuliko injini. Karatasi za mnada, ukaguzi, na foleni ambazo mimi mwenyewe, mtu wa ofisi, nilizionja kutoka upande wa pili wa dirisha. Mwaka 2023 kila kitu kikawa tayari. Nilipaka rangi, nikashona kiti, nikang'arisha. Sehemu moja tu nilimkataza fundi rangi asiiguse: namba 41 ubavuni mwa tangi. Nikapanga niende Muheza kwa mwalimu wetu, ambaye sasa amestaafu na yuko huko kwenye shamba lake, nimshangaze.

Nilifika Pongwe, kiasi cha kilomita 15 tu kutoka mjini. Nilikuwa nimekunja mkono wa petroli kama kijana wa kidato cha pili. Mlio ukabadilika ghafla, ukawa mkavu, kisha gurudumu la nyuma likajifunga. Nilishika klachi kwa bahati, ndiyo maana nipo hapa mbele yenu na mikono yote miwili. Nilirudi mjini juu ya pikipiki ya mizigo ya magurudumu matatu, nimemshikilia mke mwenza asianguke, watoto wa barabarani wakitupungia.

Usiku nilimpigia mwalimu simu. Nilikuwa sijazungumza naye kwa miaka sita, na hilo nalo ni aibu yangu.

"Shikamoo Mwalimu."

"Marahaba. Nani?"

Nikajitaja, nikamweleza yote. Hakushangaa wala hakunipa pole. Aliuliza, "Oili ilikuwa inafika?"

Nikamjibu, "Tangi la oili lilikuwa limejaa, Mwalimu."

"Sikukuuliza kuhusu tangi. Nimekuuliza kama ilikuwa inafika."

Nyamaza yangu ilikuwa jibu. Akaendelea, "Ulitoa hewa kwenye pampu?" Nikanyamaza tena. "Daftari lako linasemaje?"

Sikuwa na daftari.

Niwaeleze wasiojua. Katika injini ya mipigo minne, oili hukaa chini ya injini, huzunguka na kurudi. Katika injini ya mipigo miwili, petroli na hewa hupita kwanza kwenye sanduku la chini lenye krenki, ndipo vipande kwenye silinda. Oili haiwezi kukaa humo. Huingia pamoja na petroli, hulainisha njiani, kisha huungua na kutoka na moshi. Zamani ulichanganya oili kwenye tangi la petroli kwa mkono wako. Tangu mwaka 1964 Yamaha walitumia pampu ndogo, wakaiita Autolube, inayovuta oili kutoka tangi lake na kuipeleka kidogo kidogo kwa kadiri ya mwendo. Ni kitu kizuri sana. Lakini pampu ikifunguliwa na mrija ukakauka, hewa hubaki ndani, na pampu inayosukuma hewa hailainishi kitu. Dawa yake ni skrubu moja ndogo ya kutolea hewa, kazi ya dakika tano. Na kwa usalama, safari za kwanza unachanganya pia oili kwenye petroli: robo lita kwa lita tano, yaani moja kwa ishirini. Mimi nilikuwa nimeshughulikia sana rangi. Nilichokiona kwa macho nilikipa miezi. Kisichoonekana sikukipa dakika tano. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na mimi nilijenga ukuta: pistoni mpya tena, silinda kupanuliwa tena hatua nyingine, na mzee wa mashine ya kukereza kunitazama bila kusema neno.

Safari hii nilinunua daftari la shilingi 1,000. Kila nilichofungua niliandika: tarehe, kitu, hali yake nilivyoikuta, nilichofanya, na kilichobaki. Kulikuwa na mambo matatu ambayo nilikuwa nimejisadikisha kwamba nimeyafanya, na daftari likanionyesha kwamba sikuyafanya.

Mwezi Februari 2024 nilifika Muheza. Mwalimu alikuwa amekaa chini ya mchungwa. Aliisikia kabla hajaiona, akasimama akiwa ameshika fimbo yake. Hakusifu rangi. Alizunguka nyuma, akaishika keria, akapapasa zile herufi. Kisha akaona namba 41, akauliza ni ya nini.

Nilikuwa nimejiandaa kwa njia nzima jinsi ya kusema. Nikamwambia: "Mwalimu, mwaka 2012 mimi ndiye niliyeandika kwamba haifai. Sikuifungua. Sikuinama hata kuitazama. Wewe ulipanda mlima mzima kwa ajili yangu, nami sikuinama."

Alikaa tena. Kwa muda tulisikia kuku tu. Kisha akasema, "Wewe uliandika 2012. Mimi niliandika 1999."

Nikadhani sikusikia. Akanieleza. Mwaka 1999 ilikuwa inatakiwa kuhamishiwa ofisi nyingine. Kabla ya hapo ilikuwa imeanza kuwa nzito kuwaka na kuwa moto kupita kiasi. Yeye alijua ugonjwa wake: sili ya krenki upande mmoja ilikuwa imechoka, hewa inavutwa kutoka nje, mchanganyiko wa petroli unakuwa haba. Sili moja ya mpira. Lakini fedha haikuwapo mwezi ule, na yeye alikuwa amechoka, na karatasi za makabidhiano zilikuwa zinasubiri. Akaandika: "Inasubiri kipuri." Ikaenda na maneno hayo, ikawekwa bandani, ikasubiri. Akasema: "Ningeliweza kuinunua kwa fedha yangu. Nilijiambia, atakayeipokea atainunua."

Ndugu zangu, nilikuwa nimekwenda kule kutafuta msamaha kwa mtu asiye na kosa. Nikakuta kwamba tulikuwa wawili. Na nina hakika katikati yetu walikuwapo wengine, kila mmoja na mstari wake na saini yake. Sili ya mpira, ambayo mimi niliipata dukani kwa bei ya chupa mbili za soda, ilisubiriwa tangu 1999 hadi 2021.

Hilo ndilo nililokuja kulisema. Katika kazi yangu nimeona mashine chache sana zilizokufa kwa kuharibika. Nyingi zilikufa siku mtu mwenye kalamu alipoziandikia neno bila kuzifungua. "Chakavu." "Inasubiri kipuri." Maneno haya si uongo, kama vile "Mtoro" halikuwa uongo. Ubaya wake ni kwamba yakishaandikwa humpa kila anayefuata ruhusa ya kutotazama. Mwaka 1995 mwalimu mmoja alisoma neno katika rejesta, akatia petroli, akaenda kuona lililo nyuma yake. Mtu yule yule, miaka minne baadaye, akiwa amechoka, aliandika neno la namna ile ile na kuliacha. Simsemi vibaya, yeye mwenyewe ndiye aliyeniagiza niwaeleze hivi, tena mbele ya wanafunzi.

Tulipokuwa shuleni tulifundishwa juu ya Elimu ya Kujitegemea, ile siasa ya mwaka 1967, na tulijibu maswali yake kwenye mitihani vizuri sana. Nadhani tulielewa kwamba kujitegemea ni kulima na kushika jembe. Siku hizi naona kwamba mwanzo wake ni jambo dogo zaidi: kuinama, kufungua, na kuandika ulichokiona, badala ya kuandika ulichokidhania.

Kwa hiyo Ndugu Mwenyekiti, ninayo mapendekezo mawili, kisha niwaachie pilau.

La kwanza. Pikipiki ile iko hapo nje chini ya mwarobaini, mmeiona mlipoingia. Naikabidhi leo kwa karakana ya shule, pamoja na hati zake na daftari lake. Siikabidhi iwekwe kwenye kioo. Naomba kila mwaka kidato cha tatu waifungue hadi krenki, waipime, waandike, waifunge tena, na iwake. Wakiiharibu, vema; nimeshawatangulia. Na sisi wahitimu, mwaka huu badala ya kuchangia kibao kingine cha marumaru chenye majina yetu, tuchangie seti mbili za spana, kipimo cha milimita, na akiba ndogo ya sili na beringi.

La pili ni kuhusu rejesta. Ada imeondolewa, lakini nina hakika kwamba hata leo yapo majina humo yenye neno mbele yake. Wapo waliokwenda baharini na mitumbwi ya wajomba zao, wapo waliobaki nyumbani na mgonjwa, wapo wasio na viatu wakaona haya kusema. Naomba tuwe na mfuko mdogo wa nauli, ili kila mwezi mwalimu mmoja na mhitimu mmoja waende kubisha hodi kwenye nyumba moja. Mimi nimeshajiandikisha kwa mwezi ujao. Ikiwa njia ni mbaya, usafiri tunao, na keria yake inabeba sanduku.

Wanafunzi, wahenga walisema kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Nanyi mtakapokuwa na kalamu mikononi, na wengi wenu mtakuwa nazo, kabla ya kuandika neno juu ya kitu au juu ya mtu, inameni kwanza.